Nilivyoacha Kuosha Vyuma kwa Petroli

Mimi ni bwana shamba. Nina miaka 46. Nilisoma kilimo katika chuo cha Ilonga, wilaya ya Kilosa, nikapata cheti. Tangu hapo kazi yangu ni kutembelea wakulima katika vijiji vya bonde la Kilombero. Wengi wenu mnalima mpunga kama watu wangu. Mnazijua barabara zetu. Kiangazi ni vumbi. Masika ni tope.

Leo sitaandika juu ya mbegu wala mbolea. Nitaandika juu ya vyuma vidogo vya pikipiki na jinsi ya kuviosha. Nitaandika pia juu ya kosa nililolifanya nyumbani kwangu mwaka 2019. Kwanza nilimwomba mke wangu ruhusa, akanikubalia. Kisha nilimwomba mwanangu. Alisema, "Andika, baba, ila usiseme kwamba nililia."

Sisemi.

Pikipiki yangu na ugonjwa wake

Pikipiki nyingi za vijijini zina chombo kinachoitwa kabureta. Kazi yake ni kuchanganya petroli na hewa kabla ya kuingia ndani ya injini. Kabureta ni kama mpishi wa ugali. Unga ukizidi, ugali unakuwa mgumu. Maji yakizidi, unakuwa uji. Kabureta nayo hupima. Petroli iwe kidogo, hewa iwe nyingi. Mchanganyo ukiharibika, pikipiki haiendi vizuri.

Kabureta hupima kwa kutumia vijitundu. Ndani yake mna vipande vidogo vya shaba ya manjano, na kila kipande kina tundu katikati. Mafundi huviita jeti. Kuna jeti kubwa na jeti ndogo. Tundu la jeti ndogo halifiki nusu milimita. Sindano ya kushonea nguo haipiti hapo.

Sasa fikiri juu ya petroli yetu. Wengi wetu hatununui kwenye kituo cha mafuta, kwa sababu kituo kiko mbali. Tunanunua barabarani, juu ya meza, katika chupa za maji ya kunywa. Chupa inashinda juani. Vumbi linaingia. Mara nyingine maji nayo yamo. Tena petroli ikikaa siku nyingi ndani ya kabureta, hukauka na kuacha uchafu unaonata kama utomvu wa mti. Utomvu huo hushika vumbi. Vumbi huziba tundu la jeti.

Hapo ndipo pikipiki inapoanza matata. Asubuhi unaipiga teke mpaka mguu unauma. Ikiwaka, ukiachia mafuta inazima. Ukiwa katikati ya maji ya mto, inazima. Mimi imenizimia mtoni mara mbili.

Kwa hiyo kila mwezi nilikuwa naifungua kabureta mwenyewe. Nyuma ya nyumba yangu nina banda la mabati. Ndimo ninamoweka pikipiki, majembe, bomba la kupulizia dawa na magunia. Nilikuwa namimina petroli katika karai, natia jeti ndani, nasugua kwa mswaki wa zamani. Halafu nachukua uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli, nazibua tundu.

Hilo la waya lilikuwa kosa la kwanza, ingawa si lile kubwa. Shaba ni laini. Waya wa breki ni chuma kigumu. Kila nilipozibua, nilikuwa nachonga. Tundu likapanuka kidogo kidogo. Zamani lita moja ilinipeleka kilomita 40. Baada ya miaka miwili ya kuchokoa, haikufika 30. Pulagi ikawa nyeusi kama sufuria ya kuni. Mimi nikalaumu wauza petroli, kumbe niliipanua mimi mwenyewe.

Usiku wa mwezi wa tatu

Ilikuwa mwezi Machi 2019. Kesho yake nilitakiwa niwe katika kijiji cha mbali. Viwavijeshi vamizi, wale waliofika nchini mwaka 2017, walikuwa wameingia katika mahindi ya watu. Wakulima walikuwa wananingoja. Pikipiki ilikuwa haiwaki.

Nilianza kazi jioni. Mvua ilikuwa inanyesha kwa nguvu. Umeme ulikuwa umekatika. Mwanangu wa pili, aliyekuwa na miaka 11, alinishikia tochi kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia alikuwa anazungusha jeti ndani ya karai la petroli. Alipenda sana kazi hiyo.

Mke wangu alikuwa anapika maharagwe nje, kwenye jiko la mkaa. Mvua ilipozidi, alilibeba jiko akaliingiza bandani. Aliniuliza, "Baba watoto, hapa si karibu na petroli?" Nililitazama jiko. Lilikuwa hatua nne kutoka kwenye karai. Nikamjibu, "Haina neno. Ni mbali."

Ndugu msomaji, maneno hayo nayasikia mpaka leo.

Petroli hutoa mvuke, hata kama hakuna joto kali. Mvuke huo hauonekani. Ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi juu kama moshi. Hushuka chini na kutambaa sakafuni kama maji. Ukikuta moto, hata kaa moja, unawaka. Kisha moto unarudi kwa njia ile ile mpaka mahali petroli ilipo. Mambo haya nilifundishwa chuoni, na nilijibu swali lake katika mtihani. Usiku ule sikuyakumbuka.

Niliona mwanga wa buluu ukikimbia sakafuni. Sikuwa na nafasi ya kusema lolote. Karai likawaka, na mkono wa mtoto ulikuwa ndani.

Nikalipiga karai teke. Hilo lilikuwa kosa jingine, maana petroli ilimwagika ikasambaa. Jirani alikuja mbio na ndoo ya maji, akamwaga. Petroli huelea juu ya maji. Moto ukaelea nao, ukafika kwenye magunia. Aliyeuzima ni mke wangu. Tulikuwa na chungu ya mchanga wa kujengea, umelowa mvua. Aliuchota kwa sinia na kuutupa, tena na tena, mpaka moto ukakosa hewa.

Kisha watu wakaja na dawa zao. Mmoja alileta ute wa yai. Mwingine alileta dawa ya meno. Mke wangu alikataa zote. Aliuweka mkono wa mtoto chini ya maji safi, akamimina polepole kutoka kwenye dumu, kwa muda mrefu. Baadaye mganga katika kituo cha afya alituambia kwamba alifanya vema. Mtu akiungua, maji safi ya baridi ya kawaida yapite juu ya jeraha kwa dakika 20. Barafu isiwekwe. Yai, mafuta na dawa ya meno visipakwe. Funika kwa kitambaa safi, nenda hospitali.

Tulitakiwa twende usiku ule ule. Lakini pikipiki yangu ilikuwa vipande vipande, na vipande vingine vilikuwa ndani ya karai lililoungua. Tulibebwa na jirani yule wa ndoo, watu watatu juu ya pikipiki yake, katika mvua. Mimi nilikaa nyuma, mtoto katikati. Njia nzima hakusema neno.

Alilazwa siku 12. Mkono ulipona. Lakini kidole kidogo na kinachofuata havinyooki mpaka mwisho.

Tuliporudi nyumbani, mke wangu hakunigombeza. Alisema hivi tu: "Petroli haitafunguliwa tena katika boma hili. Tafuta kitu kingine cha kuoshea, au pikipiki hiyo iuze." Na wale wakulima wa viwavijeshi walinisubiri siku nane. Nilipofika, baadhi ya mashamba yalikuwa yamebaki mabua.

Sanduku la mzee wa miwani

Kwa miaka miwili nilipeleka kabureta kwa mafundi. Wengine walikuwa hodari, lakini nao walitumia petroli na waya. Nililipa na kunyamaza.

Mwaka 2021 nilikwenda Morogoro mjini kwa semina. Nilipita katika duka moja la miwani, maana miwani yangu ilikuwa imeshika uchafu wa kijani pale inapokaa puani. Mwenye duka alikuwa mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bwana. Kaa hapo. Miwani yako inatia huruma."

Akaichukua, akaitumbukiza katika sanduku dogo la bati jeupe lililokuwa na maji. Akabonyeza kitufe. Nikasikia mlio mwembamba, kama mzinga wa nyuki ulio mbali. Nikainama nikatazama. Uchafu ulikuwa unatoka katika kona za miwani kama moshi wa sigara, na hakuna aliyekuwa anasugua! Baada ya dakika tatu aliitoa. Hata ndani ya matundu ya skrubu mlikuwa safi.

Nikamwuliza, "Mzee, humo ndani mna dawa gani?"

"Maji na sabuni ya vyombo," alijibu. "Kinachoosha ni sauti."

Nilidhani ananitania. Akacheka, akanieleza. Nami nitakueleza wewe, na nitaongeza mambo niliyojifunza baadaye.

Sauti ni mtikisiko. Ngoma ikipigwa, ngozi yake inatikisika, hewa inatikisika, na sikio lako linasikia. Mtikisiko ukiwa wa polepole, sauti ni nene. Ukiwa wa haraka, sauti ni nyembamba. Lakini sikio la mtu lina mwisho wake. Mtikisiko ukizidi mara 20,000 katika nukta moja, hatusikii tena. Mbwa husikia zaidi yetu. Popo hutumia sauti za namna hiyo kukamata wadudu gizani, nasi tuko kimya chini yake.

Sanduku lile hutikisa maji karibu mara 40,000 katika nukta moja. Mlio ule kama wa nyuki ni masazo tu ya kazi hiyo. Sauti yenyewe hatuisikii.

Maji yakitikiswa kwa kasi hiyo, yanavutwa na kubanwa, yanavutwa na kubanwa. Yanapovutwa, vipovu vidogo sana hutokea ndani yake. Yanapobanwa, vipovu hivyo hupasuka kwa kuingia ndani. Kila kipovu kikipasuka karibu na chuma, hupiga chuma hicho kwa nguvu, kama nyundo ndogo mno. Nyundo hizo ni maelfu kwa maelfu, tena huingia popote maji yanapoingia. Mswaki hauwezi kuingia katika tundu la nusu milimita. Maji yanaweza.

Nguvu ya vipovu ilijulikana zamani kwa ubaya wake. Katika miaka ya 1890 mafundi wa meli za kivita za Uingereza waliona kwamba pangaboi zikizunguka kwa kasi mno, vipovu hutokea na meli hukosa nguvu. Baadaye ilionekana kwamba vipovu hivyo hutafuna chuma cha pangaboi mpaka kikawa na mashimo. Na kile kinachotikisa maji katika sanduku kinatokana na jambo waliloligundua ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques Curie na Pierre Curie, mwaka 1880. Waliona kwamba mawe fulani yakibanwa hutoa umeme. Kumbe na kinyume chake ni kweli: ukiyapa umeme, hutikisika. Chini ya sanduku pamegandishwa vipande vya namna hiyo. Umeme ukiingia, vinatikisika, na maji yanatikisika navyo.

Mzee aliniambia kwamba masonara wanatumia sanduku hilo kwa pete na mikufu. Mafundi wa saa wanalo. Madaktari wa meno wanalo kwa vyombo vyao. Nikamwuliza kama kabureta inaweza kuingia humo. Alifikiri kidogo, akasema, "Chuma ni chuma. Lakini usije ukatia petroli humo."

Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Bei ya sanduku la lita mbili ilikuwa sawa na kuku wetu wa kienyeji 14. Akasema, "Kuku 14 kwa sanduku la kuoshea miwani?" Nikanyamaza. Miezi sita baadaye aliniuliza yeye mwenyewe, "Lile sanduku la sauti bado lipo?" Tukauza kuku.

Makosa yangu ya mwanzo

Usidhani nililifungua na kufanikiwa siku ile ile. Hapana.

Siku ya kwanza nilitia kabureta nzima, na tope lake, katika maji baridi. Baada ya nusu saa maji yalikuwa meusi, lakini jeti ilikuwa imeziba vile vile. Nilikuwa nimeosha tope la nje tu. Sanduku hili si la kuondoa tope. Tope liondoe kwanza kwa mswaki na maji ya sabuni. Kisha fungua kila kipande, maana vipovu havifanyi kazi vizuri mahali ambapo hewa imenaswa.

Mara ya pili nilijifanya mjuzi. Sabuni niliiona dhaifu, nikatia magadi katika maji ya moto. Jeti za shaba zilitoka safi. Lakini mwili wa kabureta una aluminiamu ndani yake. Magadi yakiwa katika maji ya moto hula aluminiamu. Kabureta ilitoka nyeusi kama imepikwa kwenye moshi. Haikufa, bado ninaitumia, ila kila fundi anayeiona huniuliza ilipatwa na nini.

Mara ya tatu nilisahau kutoa mipira na boya. Mpira mmoja ulivimba, haukurudi mahali pake.

Sasa nitasema ninavyofanya siku hizi. Petroli iliyomo katika kabureta naimwaga nje ya boma, mchana, mbali na moto, ndani ya dumu lenye kifuniko. Kabureta naiacha palepale nje ipungwe na upepo mpaka harufu iishe. Kisha nafungua vipande na kuvipanga juu ya kitambaa cheupe, kwa mpango ule ule niliovitoa, ili nisisahau. Mipira na boya nahifadhi kando.

Natia maji ya uvuguvugu mpaka kwenye alama, na matone machache ya sabuni ya vyombo. Nawasha mashine kwanza bila kutia kitu, dakika tano au kumi, ili hewa iliyomo katika maji itoke. Hewa hiyo hupunguza nguvu ya vipovu. Maji yakifika nyuzi 50 hadi 60, nashusha vyuma ndani ya kikapu chake. Visilale chini kabisa ya sanduku, vitalitoboa kidogo kidogo. Dakika kumi, nageuza, dakika kumi tena. Halafu nasuuza kwa maji safi, napuliza kila tundu kwa pampu ya baiskeli, naanika juani. Vyuma vinavyoshika kutu navipaka oili nyepesi.

Mwisho nainua kila jeti mbinguni na kutazama ndani. Tundu safi huonyesha mwanga wa mviringo, kama mwezi mpevu. Likionyesha mwanga wenye pembe, bado uchafu upo.

Kama hujui mashine inafanya kazi au la, chukua karatasi nyembamba ya aluminiamu, ile ya kufungia chipsi. Ishushe katika maji kwa dakika moja. Ikitoka na vitobo vidogo vidogo, mashine ni nzima. Mwanangu alipoona vitobo hivyo, alitaka kujaribu kidole. Nilimshika mkono. Usitie mkono humo mashine ikiwa inafanya kazi. Kinachotoboa karatasi si kitu cha kuchezea. Wala usiiwashe bila maji, itaungua.

Umeme wake si mwingi. Yangu imeandikwa wati 60 za kutikisa na wati 100 za kupasha moto maji. Kwa nusu saa haimalizi hata sehemu moja ya kumi ya uniti ya LUKU.

Kijana wa bodaboda na chupa yake

Habari zilienea. Vijana wa bodaboda wakaanza kuja na kabureta zao. Siku moja kijana mmoja aliona maji yanachelewa. Mimi nilikuwa ndani nakunywa chai. Alitoa chupa ya petroli mfukoni ili aongeze kidogo katika sanduku, "ipate makali."

Mwanangu ndiye aliyemwona. Alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kutoka kwake. Nilipotoka mbio nilimkuta amesimama kati ya kijana na sanduku, mkono ule wenye vidole viwili ameuinua mbele ya uso wa kijana. Hakusema neno jingine. Kijana akafunga chupa.

Elewa jambo hilo vizuri. Sanduku hupasha moto. Sanduku hutikisa, na petroli ikitikiswa hutoa mvuke mwingi zaidi. Chini yake kuna umeme. Petroli, mafuta ya taa na spiriti visitiwe humo hata kijiko kimoja. Ukifanya hivyo umetengeneza bomu, nawe umeinama juu yake unachungulia.

Pua za mabomba ya dawa

Kwa kazi yangu, faida kubwa niliyoipata si ya pikipiki. Ni ya mabomba ya kupulizia dawa.

Nozeli, yaani ile pua ya bomba, nayo ina tundu dogo. Ikiziba, mkulima anafanya nini? Nimeona mara nyingi. Anaitia mdomoni na kupuliza! Anapuliza nozeli iliyopitisha sumu sasa hivi. Wengine wanachokoa kwa mwiba au msumari. Tundu likipanuka, dawa inatoka nyingi mno, inaisha kabla ya shamba kuisha, na mazao yanapata sumu kupita kiasi.

Ukitaka kujua kama nozeli yako imekwisha, kinga maji inayotoa kwa dakika moja, ukayapime. Fanya hivyo hivyo kwa nozeli mpya ya namna ile ile. Ikiwa ya zamani imezidisha zaidi ya sehemu moja katika kumi, itupe. Hakuna mashine itakayorudisha shaba au plastiki iliyoliwa. Jeti zangu zile nilizozichokoa kwa waya ilibidi ninunue mpya.

Nozeli iliyoziba tu, na ambayo haijapanuka, nasafisha hivi. Mkulima huisuuza kwanza mara tatu huko huko shambani, amevaa glavu, na maji hayo huyamwaga shambani. Hayamwagi kisimani wala mtoni. Akinilitea, siiweki moja kwa moja katika sanduku. Naiweka ndani ya chupa ya kioo yenye maji ya sabuni, kisha chupa hiyo naisimamisha ndani ya maji ya sanduku. Sauti hupita katika kioo. Uchafu wa sumu hubaki katika chupa. Chupa hiyo ina alama nyekundu, na haifanyi kazi nyingine. Maji yake nayo yanarudi shambani, hayamwagwi uani penye kuku.

Kwa jeti na kwa nozeli, hilo ndilo ninalolipenda katika sanduku hili: hakuna anayechokoa na hakuna anayepuliza kwa mdomo.

Je, kila nyumba inunue? Mimi sioni hivyo. Nyumba isiyo na umeme haiwezi, na nyumba yenye pikipiki moja haina sababu ya kuuza kuku 14. Kabureta ikiwa haijaziba sana, maji ya moto kiasi, sabuni, mswaki laini, usiku mmoja wa kuloweka, na pampu ya baiskeli huondoa uchafu mwingi. Sikulijua hilo mwaka 2019, na hakika sikulitafuta. Lakini kikundi cha bodaboda chenye watu ishirini kingeweza kuwa na moja. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga angeweza. Tatizo ni nani atailinda isitiwe petroli.

Hapa kwetu mlinzi yupo. Mwanangu sasa ni mrefu kunishinda. Vidole vile viwili havimzuii kushika bisibisi. Ana daftari anamoandika kila kabureta iliyokuja, ya nani, na tundu lilizibwa na nini: vumbi, utomvu, kutu, mara moja mdudu. Mimi huniachia kazi ya kuanika.

Jumamosi mchana huwa tupo nyumbani. Mwenye kabureta aje, lakini petroli aimwage kabla ya kufika kwenye mwembe. Mke wangu hukaa pale na ungo wake anachagua mchele, na kila anayepita hunusiwa.